Bipodi au mshikio wa mbele? Anza na vijiti vitatu

SWALI: Shikamoo mzee. Nina bunduki ya boliti ya .30-06 yenye kitako cha mbao, na vibali vyangu vyote viko sawa. Naishi Dodoma. Msimu ukifunguliwa naomba leseni na kwenda porini mara mbili tatu, zaidi kwa swala pala na ngiri. Mwaka jana nilimjeruhi swala pala kwa umbali wa meta 140 hivi. Tulimfuata mpaka giza likaingia, hatukumpata. Tatizo langu ni mkono: nikisimama, msalaba wa darubini unacheza kama nyoka. Mtandaoni nimeona bipodi, ile miguu miwili ya kukunja inayofungwa chini ya bunduki kwa mbele, za kila bei, na ile mishikio ya wima inayofungwa mbele. Fedha niliyo nayo inatosha kitu kimoja tu. Ninunue kipi, na cha aina gani? Na hiyo bipodi, naweza kumwazima shemeji yangu mwenye bunduki kubwa ya .375?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonigusa ni yule swala aliyeingia gizani na risasi yako mwilini. Umemtaja bila kujificha, ndiyo maana nakujibu kwa urefu. Miaka mingi nimetengeneza vitako na kufunga darubini, na kabla ya hapo nilikuwa mbeba vijiti nyuma ya wawindaji bingwa katika vitalu vya Rungwa na Selous. Ninayokuambia nimeyaona kwenye meza ya karakana, nikayaona tena majanini.

Mshikio wa wima wa mbele achana nao kabisa. Bipodi ni kifaa kizuri, ila kwa uwindaji unaonieleza haiwezi kuwa ya kwanza. Anza na vijiti vitatu vya kuegemezea bunduki, utavitengeneza mwenyewe na havitakugharimu hata bei ya kilo ya nyama. Kisha kitako chako kikae sawasawa na mwili wako, na fedha itakayobaki uiweke kwenye risasi za mazoezi. Bipodi itakuja baadaye kwa kazi yake maalumu, na nitakutajia ya kutafuta.

Tuanze na huyo nyoka anayecheza kwenye darubini. Toa risasi zote, kagua chemba kwa macho na kwa kidole, halafu pima toka ukingo wa kitako unaokaa begani mpaka mdomo wa mtutu. Utapata meta 1 na sentimita 10 hivi. Unapolenga, bega ndilo egemeo na mdomo wa mtutu ndio unaotembea. Ukitembea milimita 1 tu, yaani zaidi kidogo ya unene wa kadi ya benki, kwa meta 140 risasi inahama sentimita 13 hivi. Sasa mfikirie swala pala amesimama ubavu: moyo na mapafu yake yanaenea kwenye duara la sentimita 15 hadi 18. Ukilenga katikati kabisa, milimita hiyo moja inakutoa nje ya duara. Na mtu aliyesimama bila kuegemea popote, akiwa ametoka kupanda mlima mdogo huku moyo unamdunda, mdomo wa mtutu wake unatembea milimita kadhaa, atake asitake. Hata wapiga shabaha hodari hutikisika. Wanachofanya ni kukataa kupiga mpaka wapate pa kuegemea.

Pa kuegemea ni pawili, mbele na nyuma. Vifaa vingi vinavyotangazwa, bipodi ikiwemo, vinashika mbele tu. Ukishashika mbele, nusu ya mtikisiko inabaki kwenye kiwiko cha mkono wa kulia kinachoelea hewani, na kwenye kitako kinachotafuta mahali pake begani. Nusu hiyo ndiyo watu wengi hawaishughulikii.

Mshikio wa mbele niumalizie hapa. Bunduki ya Thompson ya mwaka 1921 ilikuwa nao, na leo unauona kwenye silaha fupi za askari. Kazi yake ni kuvutia silaha begani wakati risasi zinatoka mfululizo, kuigeuza haraka kutoka shabaha moja ya karibu hadi nyingine, na kuuepusha mkono na sehemu iliyopata moto. Wewe unapiga risasi moja, kisha unavuta boliti. Ukiweka bunduki yenye mshikio huo kwenye vijiti, mpini unagonga njia panda ya vijiti na bunduki haikai. Ukilala, mpini unagusa ardhi kabla ya kitu kingine chochote. Zaidi ya hayo, kitako chako cha mbao hakina reli ya kuufungia, kwa hiyo utalazimika kutoboa, na mbao ikishatobolewa mahali pabaya haisamehe. Ndugu zetu walioko Marekani wana sababu nyingine ya kuwa waangalifu: kule, kufunga mshikio wa wima kwenye bastola huweza kuiingiza katika kundi la silaha zinazodhibitiwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1934, na mtu akajikuta ana kesi kwa sababu ya kipande cha plastiki.

Mshikio unaostahili fedha yako ni ule ulio nao tayari, wa nyuma, unaokamatwa na mkono unaofyatua. Hapo ndipo risasi nyingi hupotelea.

Fanya jaribio hili nyumbani. Bunduki ikiwa tupu na mdomo ukielekea mahali salama, simama, funga macho, iweke begani jinsi mwili unavyotaka, shavu juu ya kitako, kisha fumbua macho. Unaona duara lote la darubini, safi, mpaka ukingoni? Au unaona kivuli cheusi kama mwezi mwandamo upande mmoja, na lazima unyooshe shingo au ubane kichwa ili kivuli kiondoke? Ukiona kivuli, bunduki yako haijakutosha, na kila unapolenga unapigana nayo. Shingo inayojinyoosha hutetemeka. Huenda nyoka wako wa mwaka jana alianzia shingoni.

Vitako vya kiwandani mara nyingi huwa na sentimita 34 au 35 kutoka kifyatulio hadi ukingo wa begani. Urefu huo haumfai kila mtu: unategemea mikono yako na unene wa nguo. Wewe unawinda na shati jepesi Oktoba, jua likiwa utosini. Kitako kikizidi urefu, utaona kinateleza kutoka begani kuelekea mkononi. Kikipungua, kidole gumba kinakaribia pua, na siku moja ukingo wa darubini utakupasua nyusi. Unapokuwa umelenga, kati ya pua na kidole gumba pawe na nafasi ya vidole viwili au vitatu. Kupunguza kitako cha mbao na kurudisha mpira wake ni kazi ya nusu siku kwa fundi mwenye leseni, na kuongeza ni rahisi zaidi.

Shavu nalo. Bunduki nyingi zenye vitako vya umbo la zamani zilichongwa kwa ajili ya macho ya chuma ya kulengea, yaliyo chini karibu na mtutu. Darubini ilikuja baadaye ikakaa juu, na shavu likabaki linaelea. Dawa yake ni kipande cha sponji ngumu kilichofunikwa ngozi na kufungwa kwa kamba juu ya kitako. Kipandishe milimita moja moja mpaka jicho lifike lenyewe katikati ya darubini. Nimewafungia watu sponji hiyo, wakarudi kutoka uwanjani wakiniuliza nimefanya nini kwenye mtutu wao, nami mtutu sikuugusa.

Mkono wenyewe uache ufanye kazi chache. Vidole vitatu vya chini vivute kitako moja kwa moja nyuma, kwa nguvu unayotumia kushikana mkono na mtu mzima unayemheshimu. Kidole gumba kipumzike. Watu wengi hubana kidole gumba na kidole cha kifyatulio kwa pamoja, kiganja kizima kinajikunja na mdomo wa mtutu unakwenda pembeni wakati ule ule risasi inapotoka. Kifyatulio kiguswe kwa mto wa ncha ya kidole, si kwa kiungo. Na kama vile vichirizi vilivyochongwa kwenye mbao pale unapokamata vimelika na jasho linateleza, zungushia utepe wa mpini wa raketi ya tenisi, utamaliza msimu nao.

Kuhusu umbo, utaona matangazo ya vitako vyenye mpini uliosimama wima kama wa bastola. Huo unampendeza anayelala kifudifudi siku nzima, kifundo cha mkono hakikunjiki. Kwa anayetembea, mpini ulioinama kama wako ni bora: unabebeka, na unaingia mkononi haraka unaposimama. Usibadilishe.

Sasa bipodi na majani. Mgeni mmoja tuliyekuwa naye kitaluni Julai alikuwa mpiga shabaha hodari kwao. Bunduki yake ilikuwa na bipodi fupi, ile ya sentimita 15 hadi 23, nzuri na ya bei. Tulimkuta kongoni dume kwenye mbuga, meta 180, ametulia. Mgeni akalala kifudifudi kama alivyozoea, akafungua miguu, akaweka jicho. Nikamsikia anapumua kwa nguvu. Akanyoosha miguu ya bipodi mpaka mwisho, akaweka jicho tena. Msasi wetu wa nyayo akanigusa bega akatabasamu kwa huzuni, maana yeye alikuwa amesimama na alikuwa anamwona kongoni mzima kuanzia kwato. Mgeni alikuwa anaona mabua. Mwishowe akapata kijidirisha kati ya mashina, akapiga. Kongoni akainua kichwa, akaondoka bila doa la damu. Tulipokwenda mbele hatua 30, msasi akaokota bua lililokatwa kwa mshazari, bado bichi, akamkabidhi mgeni bila kusema neno. Risasi ikigusa bua kwa kasi ile, hakuna ajuaye inaelekea wapi. Siku ile ilikwenda hewani. Siku nyingine ingeweza kwenda tumboni.

Nchi yetu ya uwindaji, miombo na mbuga za nyasi, Julai ina majani ya kiunoni. Baada ya moto wa Septemba na Oktoba yanapungua, lakini bado kuna visiki, vichaka na miinuko midogo. Anayelala haoni. Kuna bipodi ndefu za sentimita 34 mpaka 69 za kupigia ukiwa umeketi, nazo zinasaidia palipo wazi, ila miguu mirefu inatikisika na ni mzigo mbele ya mtutu kutwa nzima. Miguu hiyo hukamata kila mwiba. Mnyama aliyekuona anakupa sekunde chache, na sekunde hizo huwezi kuzitumia kurefusha miguu.

Kuna pia hatari ambayo watu hawaioni mpaka iwapate. Darubini iko juu ya mtutu kwa sentimita 4 au 5. Ukilala nyuma ya kichuguu au jiwe, jicho linaona njia nyeupe, mnyama yuko katikati ya msalaba, kumbe mtutu chini unatazama ukingo wa jiwe. Nimeona jiwe likipasuka meta mbili mbele ya mpigaji, vipande vikamrudia usoni. Ukilala au ukiegemea chochote, hakikisha mdomo wa mtutu umepita mbele ya kizuizi, au mwenzako achungulie kando ya mtutu kabla hujafungua usalama.

Ndiyo maana wawindaji bingwa wa hapa kwetu, wenye bunduki za bei ya gari, wanatembea na vijiti vitatu vilivyofungwa mpira wa tyubu. Nenda katafute fito tatu za mkole zilizokauka, au mianzi iliyokomaa, nene kama kidole gumba cha mguu, kila moja sentimita 180. Zipange pamoja. Sentimita 12 hivi kutoka ncha ya juu, funga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, mizunguko minne ya kubana, ili fito zifunguke na kufunga bila kulegea. Vipande vya juu vilivyobaki vifunike kwa mpira huo huo ili kitako kisigonge mti mkavu, maana mlio huo swala anausikia. Ncha za chini zichonge kidogo zishike ardhi. Ukizifungua, ile njia panda ikae kati ya kwapa na bega lako ukiwa umesimama wima. Ikiwa chini utainama, na mgongo ulioinama hutikisika. Tanua miguu ya vijiti ili kushusha, ikusanye ili kupandisha.

Viwandani kuna vya alumini na vya kaboni, vingine vina miguu minne na vinashika bunduki mbele na nyuma kwa pamoja. Hivyo vya miguu minne ni vizuri kweli, na ukipata fedha usisite. Lakini ukianza na fito utajifunza yote.

Namna ya kuvitumia ni hii. Mguu mmoja wa vijiti mbele kuelekea mnyama, miwili upande wako. Sehemu ya mbele ya kitako ndiyo inayolala kwenye njia panda. Mtutu usiguse kijiti hata kidogo, ukigusa risasi itahama. Mkono wa kushoto ukamate vijiti na kitako kwa pamoja pale pale panapokutana, kiganja kikiwa katikati ya mbao na mpira. Egemea mbele kidogo, uzito wako usukume vijiti ardhini. Kiwiko cha kulia ndicho tatizo: kama una mwenzako, asimame kulia kwako, amekupa ubavu, uweke kiwiko juu ya bega lake; azibe masikio, na asipumue unapofyatua. Kama uko peke yako, piga goti, kiwiko cha kulia kikae juu ya paja la mguu uliosimama, vijiti vishushwe. Ukipata kichuguu, ni meza ya Mungu: weka kofia au mfuko juu yake, na juu ya mfuko weka bunduki. Usiweke mbao moja kwa moja juu ya kitu kigumu, bunduki huruka na risasi hupanda.

Ukishavizoea vijiti, nenda uwanja wa shabaha unaoruhusiwa na karatasi zenye duara la sentimita 15. Piga risasi tano kutoka kwenye vijiti kwa meta 50, kisha 75, kisha 100, kisha zaidi. Kila mara weka bunduki chini, tembea hatua 20 upesi, rudi, fungua vijiti, piga. Umbali wa mwisho ambao zote tano zinaingia kwenye duara ndio umbali wako. Kama ni meta 110, basi swala wa meta 140 si wako mpaka umsogelee. Usione haya kwa namba ndogo. Wazee niliowabebea vijiti walikuwa wanasogea mpaka meta 60 na 70, na kwa kusogea huko walikula nyama ambayo wenye bunduki za ajabu hawakuila.

Sasa bipodi, maana najua bado unaitaka, na una haki ya kuitaka. Wazee wetu waliokwenda Burma na Keya, jeshi la King's African Rifles, mwaka 1944 waliifahamu kupitia bunduki ya Bren, yenye uzito wa kilo 10 hivi, ambayo ilikuwa vigumu mtu kuishikilia kwa mikono akapiga mfululizo kwa shabaha. Kwa .30-06 yako, kazi yake ya kweli ni uwanjani: kuweka darubini sawa, kujua risasi yako inaangukia wapi kwa meta 200 na 300, na kujifunza kifyatulio bila mwili kukusumbua. Rafiki zetu wa Kenya, ambako uwindaji ulifungwa mwaka 1977, wanapiga shabaha za karatasi na chuma, na kwao mimi ningeshauri bipodi iwe kitu cha kwanza. Kuna hata mashindano ya kupiga shabaha ukiwa umelala kifudifudi, yanayoitwa F-Class, ambayo kundi lake moja linatumia bipodi na risasi za .223 au .308 tu, na bunduki pamoja na bipodi yake visizidi kilo 8.25.

Kitako chako kina kishikizo cha mkanda kwa mbele, kile kitufe cha chuma chenye tundu. Tafuta bipodi inayobana hapo. Bipodi za kampuni ya Harris, za Kentucky kule Marekani, ni za namna hiyo, na zimehimili mikono migumu kwa miaka mingi. Zina pia tundu la kuhamishia mkanda, ili usibaki bila mkanda. Chukua ya sentimita 23 hadi 33, ambayo inakutosha ukilala hata tumbo likiwa limeongezeka, na uhakikishe jina la modeli lina herufi S, maana hiyo inainamia kushoto na kulia. Bila kuinama, ardhi ikiwa mshazari bunduki nayo inakaa mshazari. Bunduki ikiinama nyuzi 5 tu, kwa meta 300 risasi ya .30-06 inakwenda pembeni sentimita 7 hivi. Kwa meta 100 haifiki hata sentimita moja, ndiyo maana wengi hawaligundui kosa hilo. Atlas ni nzuri zaidi na ghali zaidi, lakini nyingi zinataka reli ya Picatinny, ile yenye meno iliyosanifishwa na jeshi la Marekani mwaka 1995, na wewe huna. Mifumo ya kufungia vifaa ya M-LOK na Arca utakayoisoma kwenye matangazo nayo ni ya vitako vya alumini na plastiki. Ipite.

Za kuiga ziko nyingi na bei yake inavutia. Kabla ya kulipa, fungua miguu, shika sehemu ya kufungia na utikise. Ukisikia chuma kikigongana kwenye maungio, au mguu mmoja ukikubali kuteleza ukiusukuma kwa kiganja, irudishe. Springi ni za kuangaliwa kwanza, ndizo zinazokatika.

Kabla ya kuifunga, mlete fundi aangalie kile kishikizo kimeshikwaje ndani ya mbao. Vitako vingine vina skrubu ya mbao tu. Nimewahi kuletewa kimoja nikakivuta kwa vidole viwili kikatoka kama jino la mtoto, na unga wa mbao ukamwagika mezani. Kinachotakiwa ni boliti yenye nati iliyozama upande wa ndani. Kisha fanya jaribio la noti: chukua noti ya shilingi elfu moja, ipitishe kati ya mtutu na mbao kutoka mbele mpaka karibu na chemba. Ikipita vizuri, fungua miguu ya bipodi, isukume bunduki mbele kwa bega kama unavyosukuma ukilenga, na mwenzako apitishe noti tena. Ikikwama, mbao inapinda na kugusa mtutu, na shabaha uliyoiweka kwa bipodi haitakuwa ile utakayopata kwenye vijiti. Hata noti ikipita, baada ya kuweka darubini sawa kwa bipodi, piga tatu za mwisho kutoka kwenye vijiti. Hizo ndizo za kuziamini porini.

Ukilala nayo, usiiache ielee. Sukuma mbele kidogo kwa bega mpaka miguu ishike, na chini yake weka mkeka au gunia kama sakafu ni saruji, la sivyo itaruka. Nyuma, chini ya kitako, weka soksi nene iliyojazwa mchele na kufungwa fundo. Mkono wa kushoto usiende mbele kabisa, ukae hapo chini ukiminya soksi: ukiminya, msalaba unashuka, ukilegeza, unapanda. Soksi hiyo itakutuliza kuliko tofauti ya bei kati ya bipodi mbili.

Na usiagize chochote kutoka nje kabla ya kuuliza ofisi ya polisi iliyokupa kibali. Silaha na risasi viko chini ya sheria ya mwaka 2015, na afadhali upate jibu la afisa kabla mzigo haujafika forodhani.

Sasa shemeji yako wa .375. Mwambie hapana, na mwonyeshe sababu kwa kidole. Katika bunduki nyingi za aina hiyo kishikizo cha mkanda cha mbele hakiko kwenye mbao, kimefungwa kwa pete kwenye mtutu wenyewe, kwa makusudi, ili teke lisimpasue mpigaji mkono wa mbele. Ukifunga bipodi pale, uzito wa bunduki unaulemea mtutu, na risasi itakwenda pengine kabisa. Na hata kama kishikizo chake kiko kwenye mbao, teke la .375 ni karibu mara mbili ya lako, litakilegeza mapema, na bega lake likiwa limebanwa na ardhi litalipokea lote. Bunduki ile ni ya kupigwa umesimama, mwili ukiyumba nayo nyuma. Mpe fito tatu na ukanda wa tyubu.